Tufundishe nyota kwa Kiswahili kwanza

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho wengine watakiona kidogo sana: maneno. Maneno ya vitu vilivyo juu ya vichwa vyetu kila usiku. Sayari, kimondo, mhimili, kivuli, kundinyota. Msimamo wetu ni huu: mtoto wa kambi afundishwe maneno haya kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza kifuate, na lile lisaa limoja la Ijumaa jioni tulilonalo kwa kazi hii lisiondolewe.

Juu ya nini tunaandika sasa? Kwa sababu ratiba ya ukumbi inapangwa upya. Shirika moja linalosaidia mambo ya elimu limependekeza saa yetu ipewe Kiingereza cha mtihani, na kama nyota lazima ziendelee, basi ziendelee kwa Kiingereza tu. Wameomba maoni ya vijana kabla ya muhula kwisha. Haya ndiyo maoni yetu. Hatuandiki kwa hasira. Hao watu tunawaheshimu, na wanatutakia mema. Ila katika hili tunaona wanakosea, na tunaeleza kwa nini.

Kwanza mjue tunachofanya. Sisi ni vijana wa kujitolea, tumemaliza sekondari, hakuna hata mmoja aliyesoma chuo. Hatuna darubini. Tuna ubao, chaki, taa moja ya sola, machungwa ya kuonyesha sayari yanayoliwa baada ya kipindi, na simu mbili zenye programu ya ramani ya anga. Watoto wanakaa kwenye mikeka nje ya ukumbi. Tunafundisha maneno kama matano kwa wiki, halafu tunatazama juu. Basi, ni hivyo tu.

Kuna kitu kimoja tunacho ambacho watu wa miji mikubwa hawana: giza. Umeme hapa ni wa shida, kila mtu analalamika, na sisi tunalalamika. Lakini miezi ya kiangazi, mwezi ukiwa haujatoka, mtoto wa Dzaleka anaona nyota nyingi kuliko mtoto wa London. Hili ni somo la sayansi ambalo kifaa chake kimeshafika kambini bila mradi wowote. Kinachokosekana ni maneno ya kukitumia.

Tuje kwenye hoja ya kwanza, ile ya mtihani, maana ndiyo wanayoitaja zaidi. Wanasema: watoto hawa watafanya mitihani ya Malawi, mitihani iko kwa Kiingereza, sasa Kiswahili kitawasaidia nini?

Tuwaambie tulichokiona. Kwenye vitabu vyao vya shule kuna maneno mawili ya Kiingereza, rotation na revolution. Watoto wanayakariri yote mawili. Ukimuuliza mmoja tofauti yake, anakwambia yote ni mwendo wa dunia. Ukimuuliza ni upi unaoleta usiku na mchana, anakisia. Si kwamba hana akili. Amepewa maneno mawili yanayofanana sauti, kwa lugha ambayo bado anaitafuta, na hana mahali pa kuyashikiza.

Sisi tuliacha kitabu kidogo. Tukaweka taa katikati. Mtoto mmoja akasimama sehemu moja akageuka geuka: huyu anajizungusha. Mwingine akatembea duara kuizunguka taa: huyu anaizunguka. Tukawaambia: Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake kwa saa 24, ndiyo tunapata usiku na mchana. Na Dunia hiyohiyo inalizunguka Jua kwa siku 365 na robo, ndiyo tunapata mwaka. Tofauti yote iko kwenye ile "ji" ndogo. Anayejifunga, anayejiosha, anayejizungusha: kazi inamrudia mwenyewe. Mtoto wa Kiswahili ameijua hiyo "ji" tangu ana miaka mitatu. Dakika kumi zikatosha. Halafu ndipo tukaandika ubaoni, hii ya "ji" Waingereza wanaiita rotation, na ile nyingine revolution. Tangu siku hiyo hawachanganyi.

Kwa hiyo anayesema Kiswahili kinapoteza muda wa Kiingereza, tunamjibu kwamba kwetu Kiswahili kimeokoa muda. Neno la kigeni linakaa vizuri likipata wazo lililotangulia. Bila wazo ni kelele tu inayopita masikioni, na kelele hukaririwa leo ikasahaulika kesho.

Hoja ya pili inahusu usalama wa watu, na kwa hiyo turudi kwenye tarehe 7 Septemba 2025. Wengi mnaikumbuka, ilikuwa Jumapili. Mwezi ulipatwa. Kwa saa za hapa Malawi uliingia wote kwenye kivuli kuanzia saa moja na nusu usiku, ukabaki humo kwa dakika 82 hivi, mpaka saa tatu kasoro. Ulikuwa mwekundu kama tofali jipya. Hapa hapakuwa na wingu.

Mkumbuke pia ulikuwa mwaka gani. Goma ilikuwa imechukuliwa Januari, Bukavu Februari. Watu walikuwa na simu zilizojaa habari mbaya za nyumbani. Halafu mwezi unakuwa mwekundu. Jumbe za sauti zikaanza kuzunguka: ni damu ya ndugu zetu, ni mwisho wa dunia, mtu asitoke nje, mama mjamzito afunike tumbo. Kuna mama mmoja jirani aliwakusanya watoto wote ndani akafunga mlango. Mdogo wetu wa miaka minane alituuliza akiwa analia, "Yaya, mwezi iko nakufa?"

Tuliona jambo moja usiku ule. Watu wazima wengi walikuwa na neno. Walisema "mwezi umepatwa". Lakini wakaishia hapo. Na kwa Kiswahili, ukisema mtu amepatwa, kinachofuata ni kibaya: amepatwa na homa, amepatwa na msiba, amepatwa na ajali. Neno likibaki wazi, hofu inalijaza. Kumbe kinachotakiwa ni kumalizia sentensi tu. Mwezi umepatwa na nini? Umepatwa na kivuli. Kivuli cha nani? Cha Dunia, hii tunayoikanyaga. Jua liko upande ule, Dunia katikati, Mwezi upande huu, na vyote vimekaa kwenye mstari mmoja. Wekundu unatoka wapi? Mwanga kidogo wa Jua unapita kwenye hewa inayoizunguka Dunia, hewa inaupinda, na mwanga mwekundu ndio unaofika Mwezini. Ni kama wekundu wa machweo.

Tulimweleza mdogo wetu kwa chungwa na taa. Akanyamaza. Halafu akasema maneno ambayo mwalimu yeyote angefurahi kuyasikia: "Basi ile kivuli ni yetu." Akatoka nje kwenda kuwaeleza wenzake. Yule mama jirani naye akafungua mlango, akatazama, akauliza maswali mengi kuliko watoto.

Sasa jiulizeni, kama tungemweleza mama yule kwa Kiingereza ingekuwaje? Angefungua mlango? Hofu inamjia mtu kwa lugha yake ya nyumbani. Ukitaka kuiondoa, uiondoe kwa lugha ileile. Watu wa mashirika mnalijua hili, maana mlipotangaza habari za kipindupindu mlitangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Hamkusubiri tujue Kiingereza.

Na kuna jambo lingine linakuja ambalo si la hofu tu, ni la macho. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa. Litafunikwa lote huko Misri, Saudi Arabia na kaskazini mwa Somalia, na ndugu zetu wa Kakuma na Dadaab wataona limefunikwa sehemu. Kupatwa kwa Mwezi unatazama kwa macho bila kitu, hakuna madhara. Kupatwa kwa Jua, hapana. Ukilikodolea Jua macho linaunguza ndani ya jicho bila wewe kusikia maumivu, na miwani ya kawaida ya jua haitoshi. Inatakiwa miwani maalumu, au utoboe tundu dogo kwenye karatasi, ulipe Jua mgongo, na utazame taswira yake inayotua kwenye karatasi nyingine. Kwa Mwezi, Dunia ndiyo inayotia kivuli. Kwa Jua, Mwezi ndio unaopita mbele na kulificha. Mtoto ambaye hana maneno ya kutofautisha haya mawili atasema, "Ule wa mwaka 2025 tulitazama, hatukuumia." Hapo ndipo neno moja linapolinda jicho.

Hoja ya tatu tunajua itawakera wengine, lakini tuiseme. Neno "nyota" kwa Kiswahili lina maana mbili. Kuna nyota ya angani, na kuna nyota ya bahati. Tunasema fulani ana nyota kali, au nyota yake imefifia. Hakuna ubaya, ndivyo lugha ilivyo. Lakini kambini kuna watu wanakula kupitia maana hii ya pili. Kijana amekaa miaka anasubiri kesi yake ya kuhamishiwa nchi ya tatu, hakuna simu, hakuna jibu. Anaambiwa nyota yake imefungwa, alete pesa isafishwe. Tunawajua waliouza mahindi ya mgao kwa ajili hiyo, mgao wenyewe ulishapunguzwa. Hatutaki kugombana na imani ya mtu. Tunasema tu kwamba kijana anayejua kuwa nyota ya angani ni mpira mkubwa wa gesi inayowaka kwa nguvu zake yenyewe, na kwamba Jua letu ni mojawapo, na kwamba nyota zote ziko mbali kiasi kwamba Jua, lililo karibu kuliko zote, mwanga wake unachukua dakika 8 na sekunde 20 kutufikia, kijana huyo ana maswali ya kumuuliza mtu anayetaka kumsafishia. Hiyo ni kinga ndogo, lakini ni kinga.

Haya, maneno yenyewe ni yapi? Tunaweka hapa yale tunayoanza nayo, muyachukue, muyanakili, muyabandike ukutani.

Nyota: inatoa mwanga wake yenyewe, na tukiitazama inametameta.
Sayari: inazunguka nyota na kurudisha mwanga tu. Kwa kawaida haimetimeti, mwanga wake umetulia.
Mwezi: unaizunguka Dunia, wastani wa kilomita 384,000 kutoka kwetu. Ni neno lilelile la mwezi wa kalenda, na si bahati mbaya: toka mwezi mwandamo mpaka mwandamo mwingine ni siku 29 na nusu.
Mwezi mpevu: ukiwa mviringo kamili. Mwezi hupatwa siku za mwezi mpevu tu.
Mhimili: mstari wa kuwaza unaopita katikati ya Dunia, ambao Dunia inajizungusha juu yake.
Obiti: njia ambayo sayari au mwezi unapita ukizunguka.
Kimondo: jiwe au chuma kutoka angani kinachowaka kikiingia kwenye hewa yetu. Watu husema nyota imeanguka. Nyota haianguki.
Nyotamkia: barafu na vumbi vinavyolizunguka Jua, vikikaribia vinatoa mkia.
Kundinyota: nyota tunazoziunganisha kwa macho zikapata umbo, kama Nge au Msalaba wa Kusini.
Falaki: elimu ya vitu vyote hivi. Wengine wanasema astronomia, ni sawa.

Na sayari nane kwa mpangilio wake kutoka Jua: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptuni. Mliosoma zamani mtauliza, Pluto iko wapi? Tangu 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiweka kwenye kundi la sayari kibete.

Kwenye hilo la majina tuwe wakweli. Vitabu vya Kiswahili havikubaliani. Utaridi wengine wanaiita Zebaki. Kuna orodha za shule zilizochukua majina ya makundinyota, kama Kausi na Sarateni, zikayapa sayari. Kuna wanaotumia hilo kama silaha: mnaona, Kiswahili hakijawa tayari kwa sayansi. Sisi tunaona kinyume. Kiswahili kilikuwa na majina ya nyota kabla ya kambi hii, kabla ya mipaka hii, kwa sababu mabaharia wa pwani walisafiri usiku kwa nyota, na majina mengi waliyapata kwa Waarabu waliofanya nao biashara. Kuchanganyikiwa kwa vitabu kunarekebishwa kwa kutumia maneno, si kwa kuyaacha. Chagueni orodha moja, muishike, muendelee.

Tena si pwani peke yake. Kuna kundi dogo la nyota, ukitazama kwa macho unahesabu sita au saba zimebanana. Kwa Kiswahili ni Kilimia, toka kulima. Huku kwetu kusini linaonekana jioni mwezi wa 11 na wa 12, mvua zikianza na watu wakishika jembe. Wazulu na Waxhosa kule Afrika Kusini wanaliita isilimela, mzizi uleule. Yaani bibi zetu, bila kujuana, walisoma kalenda moja. Mtoto akilisikia hili anakaa wima. Anajua elimu hii si mgeni aliyekuja na gari jeupe.

Na wale waliopita Mbeya wakija huku, mjue kwamba hamkuwa mbali na kimondo cha Mbozi, mkoa wa Songwe, Tanzania. Ni chuma kutoka angani, urefu kama mita tatu, uzito kama tani 16. Wanasayansi walikifahamu 1930, wenyeji walikifahamu zamani. Watoto wetu waliona picha yake kwenye simu. Mmoja akasema, "Kumbe na chuma kinaweza kukimbia kwao." Tulicheka wote, halafu tukanyamaza kidogo.

Sasa kuna pingamizi mbili ambazo tunaziona nzito kweli, si za kupuuza.

La kwanza ni njaa. Mzee mmoja wa jamii yetu alituambia waziwazi, "Wanangu, mtoto hajala, ninyi mnamwonyesha Zuhura." Tulimsikiliza kwa heshima, na hatuna jibu la kumnyamazisha. Mgao ukipungua, nyota haziongezi unga. Lakini mzee, tunakuomba utazame upande mwingine. Kambi hii ilifunguliwa 1994, mahali palipokuwa gereza. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, sasa tumezidi 50,000. Kuna watoto wamezaliwa hapa, wamesoma hapa, na kutoka nje ya kambi kuna masharti yake. Ukimpa mtoto huyu unga tu, ataishi. Lakini ataishi akidhani dunia ni toka geti mpaka soko. Hatusemi nyota badala ya chakula. Tunasema lisaa limoja kwa wiki, ambalo haligharimu hata kopo moja la mahindi.

La pili ni kwamba Kiswahili si cha wote. Hili ni kweli. Kuna Warundi na Wanyarwanda ambao nyumbani wanazungumza lugha zao. Kuna Waethiopia na Wasomali. Kuna watoto wa Kimalawi wa vijiji vya jirani, ambao tunasoma nao na tunawakaribisha. Tukisema Kiswahili tu, tutakuwa tumewafanyia wengine kile tunachokataa kufanyiwa. Ndiyo maana ubao wetu una safu nyingi. Kiswahili ni mlango tunaoingilia kwa sababu ndiyo lugha ya sokoni na mpirani, wengi wanaisikia. Ukishaingia, kila mtu alete la kwao. Nyota, wa Kimalawi anasema nyenyezi, Mrundi anasema inyenyeri. Mwezi, Mmalawi anasema mwezi vilevile, Mrundi anasema ukwezi. Zuhura ikitokea alfajiri, Chichewa wana jina lake zuri, nthanda. Aliyesoma Kongo anaongeza Kifaransa, étoile. Halafu safu ya mwisho, Kiingereza. Watoto wenyewe wanagundua maneno yanayofanana, wanashangilia kama wamefunga goli. Hata mtoto wa Kimalawi aliyekuwa anaitwa mgeni kwenye kundi letu akawa mwalimu siku ya nthanda.

Ndugu wa mashirika, maombi yetu ni manne, na hakuna linalohitaji bajeti kubwa.

Moja, tuachieni saa ya Ijumaa. Kama Kiingereza kinahitaji saa, tukae tutafute siku nyingine, sisi wenyewe tutajitolea kusaidia.

Mbili, mnapoleta vitabu vya sayansi, tupeni siku chache kabla havijagawiwa. Tutaandaa karatasi moja ya maneno magumu kwa Kiswahili na lugha nyingine, iwekwe ndani ya kila kitabu. Mnachapisha karatasi nyingi kila wiki, hii moja haitawashinda.

Tatu, mkituma tangazo lolote la kupatwa kwa Jua au Mwezi, lianze na sentensi iliyokamilika: umepatwa na kivuli cha nini. Na lije wiki moja kabla, lisije usiku uleule.

Nne, msituambie kwamba falaki si stadi ya maisha. Ninyi wenyewe mnahesabu nyumba zetu kwa picha za setilaiti, na mnafika hapa kwa ramani ya simu inayoongozwa na setilaiti. Setilaiti iko kwenye obiti. Obiti ni neno la Ijumaa ya tatu.

Na ninyi vijana wenzetu, msisubiri ruhusa. Kambi yoyote mliyopo, hamhitaji ukumbi wetu. Chagueni maneno matano. Tafuteni taa na chungwa. Jioni za kuanzia mwezi wa nne mpaka wa saba, waonyesheni wadogo zenu Msalaba wa Kusini. Chukueni urefu wa ule mti mrefu wa msalaba, urudieni mara nne na nusu kuelekea chini yake, halafu teremkeni wima mpaka ardhini. Hapo ni kusini. Wengi wetu tuliwahi kutembea usiku bila kujua tunaelekea wapi. Mdogo wako akijua kusini ni wapi kwa kutazama juu, umempa kitu ambacho hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kumpokonya.

Walio kwenye kikao cha ratiba, tutakuja na ubao wetu wa safu nyingi muuone kwa macho. Wengine, tuandikieni hapa chini jina la Kilimia kwa lugha ya nyumbani kwenu. Bado tuna safu tupu.